Moyo na Kadiri ya Dharura

Katika ushairi wetu hapana kiungo kilichotwishwa mzigo mzito kuliko moyo. Ndio tuusutao, ndio tuuliwazao, ndio tuushitakio. Huwa mgumu, huwa mweupe, huingia baridi, huwaka moto. Washairi wa kale wa Lamu na Mombasa waliuita mtima, wakaupa utawala juu ya mwili mzima. Kwa hiyo mtunzi azungumzapo juu ya kuulinda moyo, msomaji hufikiri mara moja juu ya mapenzi, husuda au subira. Mimi katika insha hii nakusudia moyo wenyewe, yaani lile pande la nyama lililolala katikati ya kifua, likaelemea kushoto, lipigalo kiasi cha mara laki moja kwa siku. Na nakusudia swali la maadili ambalo moyo huo umelizusha katika chumba cha tiba ya mionzi.

Swali lenyewe ni hili. Mtu ana saratani ya mapafu. Uvimbe umekaa jirani na moyo, wala hauwezi kuondolewa kwa kisu. Tiba iliyopo ni mionzi, na mionzi mara nyingi haiwezi kuufikia uvimbe huo bila ya kuugusa moyo usio na kosa. Je, moyo huo una haki gani? Na je, haki hiyo hupungua ikiwa mwenyewe anadhaniwa hana siku nyingi za kuishi? Sehemu ya kwanza ya swali ni ya kale, na wanafalsafa wamekwisha kuigeuza huku na huku. Sehemu ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu, kwa sababu ililetewa jibu kimyakimya, miaka mingi, kabla ya kuulizwa kwa sauti.

Tuanze na namna tiba ifanyavyo kazi, kwani ahukumuye asilolijua hudhulumu. Mionzi itumiwayo ni ndugu wa ile aliyoigundua Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895, ila nguvu yake ni kubwa mno kuishinda. Huingia mwilini upande mmoja ikatokea upande wa pili, ikiacha sehemu ya nguvu zake njia nzima. Haina macho ya kuchagua. Huharibu vinasaba vya seli za saratani, na huharibu vya seli nzima vilevile. Tofauti ni kwamba seli nzima, zikipewa muda, kwa kawaida hujitengeneza vizuri zaidi. Ndiyo maana tiba hukatwa vipande: kidogo leo, kidogo kesho, siku tano kwa juma, kwa majuma sita au zaidi. Kipimo chake huitwa grei, kwa jina la mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray, na dozi iliyozoeleka kwa saratani ya mapafu iliyosambaa ndani ya kifua bila ya kutoka nje yake ni grei 60, zilizogawanywa mara 30.

Ili uvimbe upate dozi hiyo na vilivyo njiani visiteketee, miale huelekezwa kutoka pande nyingi ikutane penye uvimbe. Kila mmoja peke yake ni dhaifu. Nguvu hutimia pale ikutanapo. Mashine za miaka ya karibuni huweza kuukata kila mwale kwa umbo la uvimbe na kuupunguza nguvu uelekeapo penye moyo. Tatizo jingine ni kwamba kifua hakitulii. Mgonjwa apumuapo, uvimbe hupanda na kushuka, na moyo nao uko katika kazi yake. Kwa hiyo hupigwa picha zifuatazo mwendo wa pumzi, na wako wagonjwa wanaofundishwa kuvuta pumzi ndefu na kuizuia kwa nukta kadhaa, ili pafu lijae na moyo usogee mbali na njia ya miale. Iko pia tiba ya protoni, ambazo huenda umbali maalumu zikasimama badala ya kutokea upande wa pili. Lakini mashine zake ni za gharama kubwa na ni nchi chache zilizonazo.

Haya yote ni juhudi za kumwepushia jirani madhara ya vita visivyo vyake. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, na tumezoea kuitaja methali hiyo kwa kuinamisha kichwa, kana kwamba ni amri ya maumbile. Tabibu wa mionzi hana ruhusa ya kuinamisha kichwa namna hiyo. Yeye ndiye amwongozaye tembo mmoja, na hapana budi aulizwe amempitisha wapi.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa moyo ni mgumu mbele ya mionzi, kwa kuwa seli za misuli yake ni nadra kugawanyika, na mionzi hudhuru haraka zaidi seli zinazogawanyika. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Stanford, huko Marekani, walieleza maradhi ya moyo yaliyowapata watu waliotibiwa kwa mionzi kifuani: utando uuzungukao moyo kujaa maji au kukakamaa, nyama yake kuingia makovu, na mishipa iulishayo kuziba. Mwaka 2013 ulitoka utafiti mkubwa juu ya wanawake wa Sweden na Denmark waliotibiwa saratani ya matiti kati ya 1958 na 2001. Ulionyesha kwamba hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo iliongezeka kwa asilimia 7.4 kwa kila grei moja ya wastani iliyoufikia moyo, na haukuonekana mpaka ambao chini yake kuna salama kamili. Madhara yalianza kuonekana ndani ya miaka mitano ya mwanzo na yakaendelea zaidi ya miaka 20.

Basi kwa mgonjwa wa saratani ya matiti, ambaye aghalabu hupona akaishi, ilikubalika kwamba moyo ulindwe. Lakini mgonjwa wa saratani ya mapafu alihesabiwa kwa hesabu nyingine. Ilisemwa kwamba madhara ya moyo huchukua miaka mingi kudhihiri, na huyu hanayo miaka hiyo. Ya nini kuuhangaikia moyo wa mtu ambaye pafu lake litamwondoa kwanza? Hapana aliyesema hivyo kwa ukatili. Walikuwa watu wa huruma, waliotaka kuupiga uvimbe kwa nguvu zote. Hata hivyo maneno hayo, yavuliwe koti lake jeupe, yanasema jambo ambalo tungelikataa popote pengine: kwamba madhara hayawi madhara ikiwa adhurikaye hatadumu sana.

Kisha likaja jaribio ambalo kila azungumzaye juu ya jambo hili hulirejea. Kuanzia 2007 hadi 2011, hospitali nyingi za Marekani na Canada ziliwaandikisha wagonjwa wa saratani ya mapafu ya hatua ya tatu katika utafiti uitwao RTOG 0617. Kundi moja lilipewa grei 60, dozi ya kawaida. Jingine likapewa grei 74, pamoja na dawa za kemikali kwa wote. Matarajio yalikuwa kwamba moto ukizidi, uvimbe utateketea zaidi na watu wataishi zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa kinyume. Katika kundi la grei 60, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 28.7, katika kundi la grei 74, nusu yao hawakuupita mwezi wa 20. Waliopewa zaidi walipata pungufu.

Watafiti walipotafuta sababu, moja ya alama zilizojitokeza ilikuwa kiasi cha mionzi kilichoufikia moyo: kadiri kilivyokuwa kikubwa, ndivyo umri ulivyokuwa mfupi. Haki inatutaka tuseme kwamba hili halithibitishi kuwa moyo peke yake ndio uliowaua. Dozi kubwa ina njia nyingi za kudhuru, na uvimbe mkubwa ulio jirani na moyo ni mbaya tangu mwanzo. Hata hivyo tafiti nyingine zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba maradhi ya moyo kwa wagonjwa hawa hayangoji miaka 10. Huweza kutokea ndani ya miaka miwili au mitatu tu. Ile hoja kwamba hawataishi wakayaona ilianguka kwa ushahidi wa macho. Waliishi, wakayaona. Na huenda wengine hawakuishi kwa sababu hiyohiyo.

Hapa nataka kusimama penye jambo ambalo mtu wa lugha hawezi kulipita. Kabla ya tiba, daktari hukaa mbele ya kompyuta akachora mipaka juu ya picha za mgonjwa, tabaka kwa tabaka: huu ni uvimbe, hili ni pafu, huu ni uti wa mgongo, hili ni umio, huu ni moyo. Kisha mashine huhesabu kila kimoja kitapata mionzi kiasi gani. Kisichochorwa hakina hesabu. Kipo mwilini, kinapiga, kinauma, lakini katika daftari la tiba hakipo. Na moyo ukichorwa kama mfuko mmoja, wastani wake waweza kuonekana mdogo ilhali mshipa mmoja muhimu ushushao damu upande wa mbele umeungua. Ndiyo maana siku hizi wako wanaochora hata vyumba vya moyo na mishipa yake, kila kimoja kwa jina lake. Sisi tuliozoea kupima neno kwa mizani tunalielewa hili. Kukitaja kitu ni kukipa nafasi katika hesabu, na dhuluma nyingi duniani zilianza kwa kuacha kutaja.

Madaktari huviita viungo hivi vilivyo jirani na uvimbe kwa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa viungo vilivyo hatarini. Nimelitafakari jina hilo kama mfasiri, na naliona lina upungufu. Linaeleza hali ya kiungo, wala halielezi wajibu wa yeyote. Kama ningeruhusiwa ningeviita viungo vya amana. Aliyepewa amana hawezi kusema ilikuwa hatarini akanyamaza, huulizwa aliiwekaje.

Sasa tulirudie swali la kwanza: je, ni halali kukidhuru kilicho kizima kwa ajili ya kuokoa uhai? Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alipozungumzia mtu anayejitetea, aliona kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lisilokusudiwa. Wengi hukomea hapo, wakadhani kuwa nia njema husafisha kila kitu. Lakini yeye mwenyewe aliongeza sharti kwamba nguvu itumiwayo isipite kiasi kinachohitajika. Mafakihi wa Kiislamu nao wana kanuni, iliyotiwa hata katika Majalla ya dola ya Osmania iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Dharura hufungua mlango uliofungwa, lakini hufungua kwa upana wa haja, si kwa upana wa mlango wote. Mwenye njaa ya kufa hula mzoga kiasi cha kumbakisha hai, hakaribishi wageni.

Kwa mizani hiyo, kuugusa moyo kwa mionzi ili mtu apone si dhambi wala kosa. Kosa ni kuugusa kwa kiasi ambacho hapana aliyekihitaji, au kuacha kupima kwa kudhani kuwa kipimo hakina maana. Zile grei 14 zilizoongezwa juu ya 60 ziliongezwa kwa nia safi, na zililetwa mbele ya jaribio la wazi, jambo ambalo ni la kusifiwa. Bila ya jaribio hilo pengine watu wangali wakizidishiwa mpaka leo. Lakini somo lake linabaki. Kuzidisha dawa si kuzidisha tiba, na maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ya kumeza huweza kusimamishwa. Mionzi iliyokwisha kupita imepita.

Nije katika swali la pili, la siku chache. Mtu aweza kunijibu kwamba mambo yamebadilika yenyewe. Wagonjwa wa hatua hiyo ambao saratani yao haikuendelea baada ya mionzi na dawa za kemikali, walipoongezewa durvalumab, dawa ya kuusaidia mwili kujikinga, takriban 43 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022. Kwa kuwa sasa wanaishi, sasa mioyo yao ina thamani ya kulindwa. Nafurahi kwa habari hiyo, ila naikataa hoja iliyojengwa juu yake. Ikiwa moyo umepata haki kwa sababu ya miaka mitano, basi yule wa miezi mitano hana haki. Nani amekata mpaka huo, na kwa amri gani?

Mwenye kubakiwa na siku chache hana siku za kupoteza. Aliye tajiri wa siku ndiye awezaye kupoteza baadhi. Miezi sita ya kuweza kwenda msikitini kwa miguu yake, kukaa barazani na wenzake, kumbeba mjukuu bila ya kuhema, ni miezi sita nzima. Kuijaza kwa maradhi ya pili kwa hoja kwamba ni michache ni kumwibia maskini kwa kuwa alikuwa na kidogo. Mtume, rehema na amani zimfikie, alifundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Wajibu hauulizi mti utakua mpaka lini. Unauliza mkono umeshika nini.

Iko sababu nyingine ya kuwapunguzia wagonjwa hawa haki zao, nayo ni lawama. Mgonjwa wa mapafu huulizwa kwanza kama alivuta sigara, na swali hilo, ambalo kwa daktari ni la lazima, kwa jamaa na majirani hugeuka hukumu. Ni kweli kwamba tumbaku ndiyo sababu kubwa ya saratani hii, na ndiyo pia iharibuyo mishipa ya moyo. Kwa hiyo wengi wao hufika kwenye mionzi moyo wao ukiwa umekwisha kuchoka. Lakini wako waliougua bila ya kuonja sigara hata mara moja. Na aliyevuta, je? Moyo uliokwisha kuumia unahitaji hifadhi zaidi, si kidogo. Hatumnyimi kamba mwenye kuzama kwa kuwa alikatazwa kuogelea.

Sikusudii kuufanya moyo sultani wa mwili. Daktari akiogopa mno kuugusa, huenda akaacha sehemu ya uvimbe bila ya dozi ya kutosha, na saratani iliyobaki haina shukrani. Pengine miale ikiepushwa na moyo huangukia pafu zima, nalo likiungua huleta kikohozi na kukosa pumzi kunakoweza kuua. Ni shuka fupi: ukifunika kifua, miguu hubaki nje. Kwa ajili hiyo hapana kanuni ya namba iwezayo kukaa mahali pa busara. Na palipo na shuka fupi, mwenye kulala ndiye wa kuulizwa kwanza anasikia baridi wapi. Wahenga wana methali kwamba mgonjwa haulizwi uji, nayo ni methali ya huruma: mpe, usimsubirishe kwa maswali. Lakini mionzi si uji. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwa lugha aijuayo kwamba moyo wake uko njiani, kwamba kuna kiasi kitakachoufikia, na kwamba kuna kuchagua. Wengi wetu hutia sahihi karatasi tusizozisoma, kwa lugha isiyo yetu, tukatoka tukisema daktari ndiye ajuaye.

Msomaji wa huku visiwani aweza kuniambia kuwa haya ni mazungumzo ya wenye shibe. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Unguja na Pemba wamevuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi, ikaharibika mwaka 2016 isitengenezeke, na mpya haikuzinduliwa mpaka 2018. Asiyepata mionzi kabisa, utamwambia nini juu ya grei zinazougusa moyo?

Hoja hii ni nzito, na jibu langu ni kwamba si kila hifadhi hununuliwa. Kuuchora moyo kwa uangalifu panapokuwa na picha za kuchorea, ni kazi ya jicho na subira. Kupima shinikizo la damu na sukari kabla ya tiba na baada yake, kumsaidia mgonjwa aache sigara hata wakati huo, kuyatibu maradhi ya moyo aliyokuja nayo, ni mambo yanayowezekana katika hospitali za kawaida. Na lililo rahisi kuliko yote ni kutokuzisahau dalili. Mtu aliyetibiwa kifua akirudi baada ya mwaka akihema, akivimba miguu, mapigo yakienda mrama, ni wepesi kwetu kusema saratani imerudi, tukamfunika shuka tukangoja. Pengine si pafu. Pengine ni moyo, nao una dawa zake. Kutokuuliza ndiko kulikokuwa kosa la wale waliosema hataishi akayaona. Tusilirithi kosa lao kwa kisingizio cha umaskini.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa washairi, na nilitie neno langu katika ubeti:

Siku za mgonjwa chache, kuwa chache si sababu,
Moyo wake tuuache, uungue kwa adhabu,
Kipimo asikifiche, aeleze mtabibu,
Jua la jioni jua, halipotezi nasabu.

Tumeuimba moyo karne nyingi kwa sababu ndani yake tuliweka kila tunachokithamini. Haitakuwa sawa kuuenzi katika shairi na kuudharau katika kifua cha mtu aliyechoka, aliyelala chini ya mashine, amezuia pumzi yake kama alivyoambiwa. Amezizuia zile nukta chache kwa amana, akitumaini kwamba upande wa pili wa ukuta yuko mtu aliyepima.